Kama Tungeweza Kusoma Mawazo ya Binti Zetu

Ni mama gani ambaye hajawahi kumtazama binti yake wa miaka 16 akiwa ameinamia sahani ya chakula, kimya, akatamani kuingia kichwani mwake walau kwa dakika 5 aone kuna nini? Jana alikuwa anacheka na wadogo zake. Leo ukimuuliza, anajibu, "Hamna kitu, mama." Nawe unajua wazi kwamba kitu kipo. Wahenga walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Hawakusema kwamba mwenzio huyo aweza kuwa mtoto uliyemzaa mwenyewe, lakini kila mama aliyelea binti anafahamu hivyo.

Tamaa hii ya kujua yaliyomo ndani ya mtu mwingine ndiyo iliyozaa aina moja ya riwaya ambayo huenda binti yako anaisoma sasa hivi, ama kitabuni ama kwenye simu. Ni hadithi za mapenzi ya vijana wenye uwezo wa kusoma mawazo. Baadhi yetu tukisikia habari hiyo tunashtuka na kutaka kitabu kitupwe motoni. Wengine tunasema ni upuuzi wa vijana, tunaendelea na shughuli zetu. Katika makala hii tunapendekeza njia ya tatu, nayo ni kukaa chini na kuuliza hadithi hizo zinasema nini. Tutaitazama hasa riwaya moja, Open Minds, ya mwandishi wa Kimarekani Susan Kaye Quinn, iliyotoka mwaka 2011.

Kisa chenyewe

Mama Quinn alisomea uhandisi kabla ya kugeukia uandishi, na riwaya yake ameiweka katika jiji la Chicago la wakati ujao. Katika dunia hiyo kusoma mawazo si kipaji cha wachache. Mtoto akifikia umri wa kuvunja ungo au wa kubalehe, akili yake hubadilika, na tangu siku hiyo anasikia mawazo ya wenzake nao wanasikia ya kwake. Watu hawana haja kubwa ya kufungua midomo.

Kira Moore ana miaka 16 na mabadiliko hayo hayajamfikia. Mtu wa namna yake huitwa sifuri. Hasomi mawazo ya wengine, wala ya kwake hayasomeki. Kwa kuwa hasomeki, haaminiki. Pale ambapo hakuna mwenye siri, aliyefungwa hudhaniwa kwamba anaficha uovu. Kira anampenda kwa siri rafiki yake wa karibu, kijana aitwaye Raf, lakini Raf ni msomaji wa kawaida, na binti huyu haoni tumaini lolote kwake.

Ndipo siku moja, bila kukusudia, akili ya Kira inaikamata akili ya Raf na nusura imuue. Hapo anagundua kwamba yeye si sifuri. Anaweza kuingia katika akili ya mtu na kuiendesha atakavyo. Wenye uwezo huo wapo wachache, wamejificha katikati ya watu, na tunaweza kuwaita wateka akili. Mmoja wao, kijana Simon, anamfundisha jinsi ya kuutumia uwezo huo ili ajifanye msomaji kama wengine. Kira anaanza kuidanganya familia yake na kumdanganya Raf. Uongo mmoja unahitaji wa pili wa kuufunika, na wa pili unahitaji wa tatu. Mwishowe anaitangazia dunia nzima kwamba wateka akili wapo. Vitabu viwili vilivyofuata, Closed Hearts na Free Souls, vyote vya mwaka 2012, vinaeleza gharama aliyolipa kwa kusema kweli.

Je, ni mambo ya kweli?

Binti yako akikuuliza kama kuna watu wanaoweza kusoma mawazo hivyo, usimjibu kwa ukali. Historia yenyewe inavutia.

Neno telepathi, yaani kupashana mawazo bila kusema wala kutumia ishara, lilibuniwa mwaka 1882 na Mwingereza Frederic Myers. Miaka ya 1930 profesa J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alijaribu kulipima jambo hilo kwa kutumia karata 25 zenye alama za aina 5. Mtu akibahatisha tu, kwa kawaida atapata karata 5 kati ya 25. Rhine alitangaza kwamba wapo waliozidi hapo, lakini wataalamu wengine walipojaribu kurudia kwa uangalifu zaidi hawakupata matokeo hayo. Mpaka leo hakuna ushahidi wa kisayansi uliokubalika kwamba binadamu anaweza kusoma mawazo ya mwenzake.

Hata hivyo, utafutaji huo ulituletea faida hospitalini. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alipokuwa kijana jeshini alianguka kutoka kwenye farasi akaponea chupuchupu. Siku hiyohiyo dada yake, aliyekuwa mbali, aliingiwa na hofu juu yake na kumfanya baba yao apeleke simu ya maandishi kuuliza hali yake. Berger hakulisahau jambo hilo. Alitumia miaka mingi kutafuta nguvu iliyo ndani ya ubongo, na mwaka 1924 akawa wa kwanza kurekodi mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu. Telepathi hakuipata. Alichopata ni kipimo cha EEG, ambacho sisi wauguzi tunakifahamu kwa jinsi kinavyowasaidia madaktari kuchunguza kifafa.

Siku hizi utafiti umekwenda mbali zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin walieleza jinsi walivyotumia mashine ya MRI pamoja na kompyuta kupata maana ya jumla ya hadithi ambayo mtu alikuwa akiisikiliza au kuiwaza. Lakini tazama masharti yake. Mhusika alipaswa kwanza kulala ndani ya mashine akisikiliza hadithi kwa saa 16 hivi, ili kompyuta iizoee akili yake yeye mwenyewe. Na alipoamua kutoshirikiana, akawaza mambo mengine kwa makusudi, mashine haikupata kitu cha maana. Kwa hiyo hata mashine ya thamani kubwa namna hiyo haikuweza kuingia bila ridhaa ya mwenye akili.

Mapenzi ya akili iliyofungwa

Hapa ndipo riwaya hizi zinapotushangaza. Tungetazamia kwamba hadithi ya wasoma mawazo itasifu mapenzi ya watu wanaojuana bila kusema neno. Lakini ukizisoma unakuta kinyume chake.

Chukua Twilight ya Stephenie Meyer, ya mwaka 2005, ambayo wasichana wengi duniani wameisoma. Kijana Edward anasikia mawazo ya kila mtu shuleni isipokuwa ya Bella. Kati ya wote, ni huyo asiyesomeka anayemvutia, naye analazimika kumuuliza maswali kama kijana mwingine yeyote. Kira naye ni vivyo hivyo. Raf hawezi kusoma neno kichwani mwake, na bado amebaki kuwa rafiki.

Patrick Ness, katika The Knife of Never Letting Go ya mwaka 2008, anatupeleka katika sayari ambako mawazo ya wanaume husikika na kila mtu, usiku na mchana, lakini ya wanawake hayasikiki. Unadhani wanaume wa kijiji anachotoka kijana Todd walifanya nini? Hawakuvumilia kujulikana na watu ambao wao hawawajui, wakawaua wanawake wao. Ni kisa cha kutisha, nacho hakikuandikwa kwa ajili ya watoto wadogo. Hata hivyo kinaonyesha jambo tunaloliona hata pasipo sayari ngeni. Mtu anayechunguzwa kila saa hampendi anayemchunguza. Humwogopa, na hofu hiyo ikikaa muda mrefu hugeuka chuki.

Basi, wazo lililo ndani ya hadithi hizi ni kwamba kufungwa kwa akili ya mtu si kasoro. Ni heshima yake. Anayempenda hubisha hodi na kungoja.

Limbwata la kisayansi

Kuna swali jingine ambalo Open Minds inaliweka mbele ya msichana, nalo ni zito kuliko linavyoonekana. Kama una uwezo wa kumfanya mtu atende upendavyo, utajuaje kwamba anakupenda?

Akina mama wenzetu, swali hili si geni kwetu. Tumesikia habari za limbwata na dawa za kumtuliza mume. Mwanamke anayezitafuta anataka kile ambacho wateka akili wanacho, yaani mtu asiyeweza kusema hapana. Tuseme amefaulu. Amepata nini? Mwanamume anayekaa nyumbani kwa sababu hana hiari si mume, ni mfungwa. Na mkewe kila siku ataogopa dawa isije ikaisha.

Binti yako anahitaji kulisikia jambo hilo kwa upande wa pili pia. Kijana anayetaka kujua yuko wapi kila saa, anayedai neno la siri la simu yake, anayemchagulia marafiki na nguo na kumwambia kwamba huo ndio upendo, huyo naye ni mteka akili. Katika riwaya hata Edward wa Twilight huingia chumbani mwa Bella na kumtazama akiwa amelala, naye Bella hana habari. Msichana wa miaka 14 anaweza kuona hilo ni tamu. Mwulize ingekuwaje kama jirani yenu angefanya vivyo hivyo dirishani kwake. Hutahitaji kuhubiri. Atalijibu mwenyewe.

Na sisi wenye ndoa tujiangalie kidogo. Mara ngapi tumemnunia mume siku 3 tukingoja ajue mwenyewe alichokosea? Akiuliza, "Kuna nini, mama watoto?" tunajibu, "Hamna kitu." Kisha tunashangaa binti amejifunza wapi maneno hayo.

Kwa nini anaficha?

Katika The Darkest Minds ya Alexandra Bracken, ya mwaka 2012, msichana Ruby ana miaka 10 tu uwezo wake unapojitokeza. Bila kujua, anafuta kumbukumbu zote za wazazi wake juu yake. Asubuhi mama yake anamwona jikoni na hamtambui. Ruby anachukuliwa na kupelekwa kambini, anakaa huko miaka 6, na muda wote huo anaamini kwamba yeye ni hatari kwa kila ampendaye. Ni hadithi ya kubuni, lakini hofu iliyomo tunaijua: mama akijua nilivyo, hatanitambua tena.

Methali zetu zinamwonya mfichaji. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mficha uchi hazai. Ni methali za kweli, na sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tumeona ukweli wake wodini. Lakini kazi hiyohiyo imetufundisha kuuliza swali la pili: anamficha nani, na kwa sababu gani?

Binti analetwa kliniki na mama yake. Mama anaeleza kwamba mtoto anaumwa tumbo. Binti anatazama sakafu. Kwa upole tunamwomba mama asubiri nje kidogo, mlango unafungwa, na baada ya dakika chache tumbo linakuwa jambo jingine kabisa. Pengine ni siku zake zilizopitiliza. Pengine ni mwalimu, au mjomba, au hofu ya mtihani inayomnyima usingizi. Na karibu kila mara maneno ya kwanza ni haya: "Lakini usimwambie mama."

Tukiuliza kwa nini, majibu hayatofautiani sana. Atanipiga. Atalia. Atamwambia baba. Na liko moja linalotuuma zaidi kwa kuwa linatuhusu sisi: "Atawaambia akina mama wa kanisani." Ndivyo ilivyo, wapendwa. Mara nyingine siri ya mtoto tunaitoa kwenye kikundi kama ombi la maombi, na kabla ya Jumapili mtaa mzima umeshajua. Mtoto aliyesikia siri ya mwenzake ikitolewa namna hiyo hataleta ya kwake.

Tufanye nini?

Kwanza, tukubali kwamba hatutaweza kusoma mawazo yao, wala tusijaribu kwa hila. Kupekua daftari lake la siri au simu yake kila anapokwenda kuoga kunaweza kukupa habari moja leo, na kukunyima nyingine zote za mwaka mzima. Akijua umepekua, ataficha vizuri zaidi. Kwa mtoto mdogo, ni wajibu wako kujua anaona nini kwenye simu na anazungumza na nani. Lakini umwambie waziwazi kwamba unaangalia, usivizie.

Zipo dalili ambazo zikionekana hatungoji kubishiwa hodi. Akizungumza juu ya kutaka kufa, akiwa na alama za kuumizwa mwilini, akiacha kula na kukonda, au akipokea zawadi na fedha kutoka kwa mtu mzima asiyetaka kujulikana, ingilia kati siku hiyohiyo na umpeleke kwa mhudumu wa afya au mtu mwingine anayeweza kusaidia. Mlango wa mtoto aliye hatarini huvunjwa. Tofauti ni kwamba unauvunja ukimwambia unachofanya na sababu yake.

Katika siku za kawaida, tafuta nafasi ambazo maneno huja yenyewe. Wasichana wengi hawawezi kusema jambo zito wakitazamwa usoni. Lakini ukiwa umeketi nyuma yake unamsuka, au mkichambua mchele pamoja, macho yako kazini na mdomo uko huru. Uliza swali moja, kisha nyamaza. Tulipofundishwa kuchukua maelezo ya mgonjwa tuliambiwa kwamba jibu la kwanza mara nyingi si lenyewe. Ukiruka haraka kwa ushauri, hutasikia la pili.

Akikuambia, zuia kelele ya kwanza inayokupanda kooni. Mwambie, "Ahsante kwa kuniambia." Unaweza kuwa na hasira, na unaweza kuwa na haki ya kukasirika, lakini hasira itangoja mpaka kesho. Na kama habari hiyo ni lazima baba yake aijue, mwambie yeye kwanza kwamba utamweleza baba, na mpange pamoja namna ya kumweleza.

Mwisho, kisome kitabu chenyewe. Kama Kiingereza kinakupa shida, afadhali zaidi: mwombe akusimulie. Hakuna msichana asiyefurahi kumweleza mama yake jambo ambalo mama halijui. Atakusimulia habari za Raf, na Simon, na jinsi uongo ulivyomzunguka Kira. Msikilize mpaka mwisho bila kumkatiza kwa mafundisho. Halafu mwulize, "Kama wewe ungekuwa Kira, ungemwambia nani kwanza?"

Akikutaja wewe, shukuru. Akimtaja shangazi, au rafiki yake, au mwalimu, usinune na usiulize kwa nini si wewe. Umeshapata kujua bintiyo anamwamini nani, nalo ni jambo kubwa. Endelea kumsuka, na wiki ijayo mwombe akusimulie sura inayofuata.